Kifungu cha Nne

Niliandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu,
kabla Byera hajaenda kukipiga chapa:
Kila nyumba iwe na taa moja ya nje.
Iwake saa moja jioni, izimwe saa sita.
Ya duka, ya baa, ya gereji, ikeshe.
Taa iangalie chini; isimulike dirisha la jirani.
Atakayekaidi, elfu ishirini.
Nikagonga muhuri. Nikajiona mkubwa kidogo.

Huku Kabuhoro njia ni mawe, na ngazi ni mawe,
usiku unashuka kwa kupapasa kwa kisigino.
Kijana wa Lugwisha aliteleza mwezi Machi,
mpaka leo anatembea akiinama upande.
Ndiyo asili ya kifungu. Sikukiandika kwa kiburi,
ingawa kiburi kilikuwepo.

Nikazunguka na tochi na kitabu cha risiti.
Kwilasa wa baa kafunga taa ya kiwanja cha mpira,
inamulika mpaka kitandani kwa mwalimu Nyamizi,
aliyetundika kanga mbili na blanketi dirishani
na bado, anasema, analala mchana wa saa nane.
Inamisha, nikamwambia. Akainamisha.
Wadudu wa ziwa wakaifuata chini,
asubuhi wahudumu wakawazoa kwa beleshi.

Halafu nyumba ya mwisho, juu kabisa. Giza tii.
Hodi.
Karibu, angalia ndoo.
Mama Ng'washi, taa yako ya nje iko wapi?
Ipi?
Moja tu, mama. Ya nje.
Ninazo arobaini na moja.

Akanyoosha kidevu.
Ng'ambo ya taa za Mwaloni, ng'ambo ya weusi,
ziwa lilikuwa limetobolewa matundu ya mwanga.
Wavuvi wa dagaa. Taa za sola, anazikodisha kwa usiku,
zake zina manjano kidogo, za Bwire ni nyeupe,
na kila usiku usio na mwezi anakaa hapa kuzihesabu,
kwa sababu mtu hukwambia "imezama, mama,"
kumbe ameiuza Ukerewe.
Nikiwasha hapa, akasema, jicho linajaa.
Ziwa linafungwa kama duka.

Soma tena hicho kifungu.
Nikawasha tochi.
Zima. Soma kwa kichwa.
Nikasoma kwa kichwa.
Za biashara zikeshe? Zinakesha.
Ziangalie chini? Zinaangalia chini, majini.
Jirani?
Dagaa hawajaleta malalamiko.

Nikakaa juu ya ndoo niliyoambiwa niiangalie.
Tukahesabu. Yeye thelathini na tisa, mimi arobaini na tatu.
Tukarudia. Akashika kidole changu kikiwa hewani:
Hiyo ni nyota, mtendaji. Hiyo hailipi.
Moja ilikuwa imejificha nyuma ya jabali la Bwiru,
ikatoka polepole, kama mtu aliyekwenda haja.
Arobaini. Ya mwisho tuliingoja mpaka saa saba,
na sikukumbuka mara moja
kwamba mkononi nilikuwa na kitabu cha risiti.

Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja: IPO / HAIPO.
Nikaweka alama katikati, juu ya mstari.

Kisha nikashuka. Na jiwe lile lile la Machi
likanipokea kwa goti.
Umevunjika? akaita kutoka gizani.
Bado, nikasema. Nilisikia anacheka, halafu hacheki.

Jumapili nilimkuta anafunga balbu ya wati tano,
si mlangoni: kwenye ngazi, usawa wa goti,
ndani ya kopo la maziwa lililokatwa upande mmoja,
mgongo wake kwa ziwa.
Usiku ule nikapita. Niliona kila jiwe.
Sikuona nyumba. Juu, barazani, mtu alikuwa anahesabu.

Kifungu cha nne kimebaki kama kilivyokuwa,
isipokuwa ile nakala ya ubaoni, penye neno "chini."
Nimeongeza "sana," kwa kalamu ya bluu.
Byera anasema haijapita kwenye kikao.
Ni kweli. Haijapita.